Kura Yangu Haikuwa ya Starmer Wala ya Sunak

Jioni ya Alhamisi, tarehe 4 Julai 2024, siku ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, baba yangu mdogo alinipigia simu kutoka Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za watoto, za mvua na za bei ya mchele, akafika kwenye kiini cha simu yake: "Enhe, umempa nani, Sunak au Starmer?" Rishi Sunak ndiye aliyekuwa waziri mkuu, wa chama cha Conservative, na Keir Starmer aliongoza chama cha upinzani cha Labour. Nikamjibu kwamba sikumpa yeyote kati yao. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo: "Kumbe hukwenda kupiga kura." Nilikuwa nimekwenda, tena saa mbili asubuhi, kabla ya kuingia kazini. Lakini katika karatasi niliyopewa hapakuwa na jina la Sunak wala la Starmer, na kumweleza hilo mzee aliyezoea kupewa karatasi ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani kulichukua nusu saa nzima. Ninayoyaandika hapa ni ile nusu saa, pamoja na mambo ambayo simuni sikupata nafasi ya kuyamaliza.

Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa hapa Leicester, mji wa katikati ya Uingereza ambamo si ajabu kusikia Kiswahili sokoni, kwa sababu maelfu ya Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walihamia huku, ingawa halmashauri ya jiji wakati huo ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije. Wasimamizi wawili walikaa nyuma ya meza ya kukunja. Niliwapa pasipoti yangu. Mmoja akaitazama picha, akanitazama mimi, akalitafuta jina langu katika orodha iliyochapwa na kulikata kwa penseli na rula. Hapakuwa na wino wa kuchovya kidole. Nikaingia kwenye kibanda cha mbao, nikakuta penseli imefungwa kwa uzi, nikatia alama ya X, nikakunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Nje mbwa alikuwa amefungwa kwenye uzio akimsubiri bwana wake amalize kupiga kura.

Pasipoti hiyo ilikuwa ya Tanzania, na hapa ndipo wasomaji wengi hushangaa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu, na wengi wao wanaweza hata kugombea ubunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na tangu mwaka 2009 hata Mnyarwanda, wote wamo. Mwenzangu kazini, mtu wa Bukavu ambaye ameishi hapa miaka mingi kuliko mimi, hayumo, kwa kuwa Kongo haimo katika Jumuiya hiyo. Kadhalika Mrundi, na kadhalika Mfaransa hata akiwa amelipa kodi hapa kwa miaka 30. Huo ni urithi wa dola lililokwisha, na sidhani kama Waingereza wenyewe wengi wanaujua. Kwangu mimi una uchungu wake, maana kutoka Leicester naweza kuchagua mbunge wa kwenda London, lakini mbunge wa Tanga siwezi kumchagua mpaka nipande ndege.

Sasa turudi kwenye karatasi. Nchi imegawanywa katika majimbo 650, na kila jimbo humchagua mbunge mmoja. Karatasi yako ina majina ya wanaogombea jimbo lako tu, basi. Sunak aligombea katika jimbo lake huko Yorkshire, na miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo mtu aliyejiita Count Binface, aliyevaa pipa la taka kichwani, ambaye usiku wa matokeo alisimama jukwaa moja na waziri mkuu aliyekuwa bado madarakani. Yeyote mwenye dhamana ya pauni 500 na wapiga kura kumi wa kumdhamini anaruhusiwa, na fedha hiyo hairudi usipopata asilimia 5 ya kura. Starmer aligombea kaskazini ya London. Watu waliompigia Starmer kwa jina lake ni wakazi wa jimbo lake peke yao. Sisi wengine wote tulikuwa tunachagua mjumbe wa kwenda kuhesabiwa.

Neno hilo, kuhesabiwa, ndilo nililojitahidi kumwelewesha baba mdogo. Serikali ya Uingereza haitokani na kura za wananchi moja kwa moja. Inatokana na idadi ya vichwa ndani ya Bunge la Makabwela, yaani lile la wabunge wanaochaguliwa, na inaishi maadamu vichwa hivyo vinaendelea kutosha. Ukilishika hilo, mengine yote yanafunguka, hata yale yanayoonekana kama vituko.

Jimbo langu la Leicester Mashariki lilitoa mfano ambao sikuutarajia. Chama cha Labour kilikuwa kimelishikilia tangu mwaka 1987. Safari hii waligombea watu wengi, wakiwemo wabunge wawili wa zamani wa jimbo hilo hilo, Keith Vaz na Claudia Webbe, ambao wote walikuwa wameingia bungeni kwa tiketi ya Labour na sasa walisimama nje yake. Usiku huo, wakati chama cha Conservative, yaani Wahafidhina, kikipoteza viti nchi nzima, Leicester Mashariki lilikuwa jimbo pekee ambalo chama hicho kililichukua kutoka kwa wengine. Mgombea wake, Shivani Raja, alipata kura 14,526, sawa na asilimia 31 hivi. Wa Labour alipata 10,100. Na wale wabunge wawili wa zamani waligawana zaidi ya 9,000. Kwa hesabu ya shule ya msingi, karibu watu saba katika kila kumi walimkataa mshindi. Haidhuru. Hakuna duru ya pili, hakuna sharti la nusu ya kura. Anayewazidi wenzake hata kwa kura moja amechukua jimbo zima, na kura za waliobaki zimekwisha kazi yake. Sisi tumelelewa na usemi wa wengi wape, lakini katika utaratibu huu wengi wanaweza kunyimwa kwa sababu tu walitawanyika.

Ukizidisha hali hiyo kwa majimbo 650 unapata matokeo ya ajabu. Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411. Chama cha Reform UK kilipata kura zaidi ya milioni 4 na viti 5, ilhali Liberal Democrats kwa kura milioni 3.5 walipata viti 72, kwa kuwa kura zao zilirundikana mahali zilipohitajika na za Reform zilimwagika kila mahali kama chumvi. La kustaajabisha zaidi, Labour ya Starmer ilishinda kwa kishindo ikiwa na kura milioni 9.7, na Labour ya Jeremy Corbyn ilishindwa mwaka 2017 ikiwa na kura karibu milioni 12.9. Mwaka 2011 Waingereza waliulizwa katika kura ya maoni kama wanataka kubadili mtindo wa kupiga kura, ili mpiga kura awapange wagombea kwa namba, na zaidi ya theluthi mbili ya waliojitokeza wakakataa.

Baba mdogo aliposikia hesabu hizo hakushangaa hata kidogo. "Hiyo ndiyo ya Unguja," alisema. Alikuwa sahihi kabisa. Mtindo huu Waingereza waliuacha Zanzibar, na katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, lakini viti 13 tu kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP, kwa kura pungufu, vikapata viti 18 na kuunda serikali ya Waziri Mkuu Muhammad Shamte. Uhuru ukaja Desemba 1963, na mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Sisemi kwamba hesabu ya majimbo peke yake ndiyo iliyoleta mapinduzi, kwa maana sababu zake ni nyingi na zina mizizi mirefu, lakini sioni jinsi mtu anavyoweza kuisimulia Januari ile bila kuitaja Julai iliyotangulia.

Asubuhi ya tarehe 5 Julai ilikuwa darasa la pili. Kwetu rais mpya huapishwa siku kadhaa baada ya uchaguzi, uwanjani, kwa gwaride na mizinga. Huku, Sunak alitoka Downing Street, makao ya waziri mkuu, asubuhi, akaenda kwenye kasri la Mfalme kujiuzulu. Muda mfupi baadaye Starmer akaitwa katika kasri hilo hilo, na alipotoka alikuwa waziri mkuu. Hakuna kiapo cha hadharani. Tukio hilo huitwa "kubusu mikono", ingawa siku hizi hakuna anayembusu yeyote. Mfalme hamchagui mtu amtakaye: humwita yule anayeweza kuamrisha wingi wa Bunge la Makabwela, na desturi hii haimo katika kitabu chochote kiitwacho Katiba, kwa sababu Uingereza haina kitabu hicho. Ina sheria zilizotungwa kwa karne nyingi, hukumu za mahakama, na mazoea ambayo nguvu yake yote ni kwamba kila mtu anaona haya kuyavunja.

Mazoea hayo yakijaribiwa ndipo unapoona yana meno kiasi gani. Agosti 2019 waziri mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia aahirishe Bunge kwa wiki tano wakati mjadala wa kujitoa Umoja wa Ulaya ukiwa umepamba moto, na tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu, bila hata mmoja kupinga, wakatamka kwamba ushauri huo ulikuwa kinyume cha sheria na kwamba Bunge halikuwa limeahirishwa kamwe. Wabunge wakarudi kesho yake wakakaa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini ikiwa waziri mkuu ni yule anayeamrisha wingi wa wabunge, swali linalofuata ni hili: nani anawaamrisha wabunge? Jibu ni chama, na hapa ndipo mimi naona moyo wa mfumo wote ulipo.

Tukumbuke kwamba kati ya Julai 2016 na Oktoba 2022 nchi hii ilipata mawaziri wakuu wanne, Theresa May, Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak, na kila mmoja wao aliingia ofisini kwa mara ya kwanza kwa kuchukua uongozi wa chama, si kwa kushinda uchaguzi mkuu. Truss alichaguliwa Septemba 2022 na wanachama wa Conservative 81,326 dhidi ya 60,399 wa Sunak. Nchi ya watu zaidi ya milioni 67 ilipata kiongozi kwa kura ambazo zingejaa katika uwanja mmoja mkubwa wa mpira. Akatangaza mpango wa kupunguza kodi bila kuonyesha fedha zitakakotoka, pauni ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na wabunge wake wenyewe wakamgeuka. Alitangaza kujiuzulu katika siku ya 45. Aliyemfuata, Sunak, hakupigiwa kura hata na wanachama, kwa kuwa washindani wake walijitoa. Kabla ya hao wote alikuwapo Margaret Thatcher, aliyeshinda chaguzi kuu tatu mfululizo na ambaye hakuwahi kushindwa na wananchi: Novemba 1990 alipata kura 204 za wabunge wa chama chake dhidi ya 152 za Michael Heseltine, akapungukiwa kura nne ili afikie kiwango cha ushindi kilichotakiwa na kanuni za chama, na siku mbili baadaye akakubali yaishe.

Nilipomsimulia hayo baba mdogo, alikohoa kidogo akaniuliza: "Sasa hilo si ndilo Mwalimu alilofanya kwa Kawawa?" Sikuwa nimelifikiria. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na mfumo huu huu, Malkia akiwa mkuu wa nchi na Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Januari 1962 Nyerere akajiuzulu ili akajenge TANU, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake bila mwananchi yeyote kuitwa kituoni, na hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa sababu wingi wa wabunge ulibaki mkononi mwa chama kile kile. Baba mdogo alikuwa mwanafunzi wakati huo na anakumbuka mwalimu wao alivyoingia darasani kuwaambia. Mwezi Desemba mwaka huo huo tukawa jamhuri, Nyerere akarudi akiwa Rais, na mfumo wenyewe ukabadilika. Nilikuwa nimejipanga kumfundisha mzee siasa za Uingereza, kumbe aliishi ndani yake kwa mwaka mzima kabla sijazaliwa.

Kamba ambayo chama hutumia kuwafunga wabunge wake ina mshika wake maalumu. Bunge la Tanzania humwita mnadhimu, Wakenya humwita kiranja, na Waingereza humwita kwa jina la mjeledi, lililotoka kwa mtu aliyewarudisha mbwa wa kuwinda kundini. Kila wiki mnadhimu huwapelekea wabunge wa chama chake ratiba ya mijadala, na kura ambayo hairuhusiwi kukosa hupigiwa mistari mitatu chini yake. Ukiidharau mistari mitatu unaweza kufukuzwa kwenye kundi la chama bungeni. Tarehe 3 Septemba 2019 wabunge 21 wa Conservative walipiga kura dhidi ya Johnson katika suala la Ulaya, na usiku huo huo wote wakavuliwa uanachama wa kundi hilo, miongoni mwao Kenneth Clarke aliyekuwa bungeni tangu mwaka 1970, na Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill.

Hata hivyo, na hili ni muhimu sana kwa msomaji wa nyumbani, kufukuzwa chama huku si kufukuzwa bungeni. Kwetu mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza kiti kwa mujibu wa Katiba. Huku anahamisha makalio yake tu kutoka benchi moja hadi jingine. Webbe wetu wa Leicester alifukuzwa Labour mwaka 2021 na akaendelea kuwa mbunge bila chama mpaka uchaguzi. Churchill mwenyewe alihama Conservative kwenda Liberal mwaka 1904, na miaka ishirini hivi baadaye akarejea alikotoka. Kisheria kiti ni cha mtu, ingawa kila mtu anajua kwamba wapiga kura wengi walitazama nembo ya chama kabla ya jina. Mgombea binafsi naye anaruhusiwa, na jimbo jirani la Leicester Kusini lilimpata mmoja usiku ule ule, Shockat Adam, aliyemwangusha kigogo wa Labour kwa kura 979.

Kupiga kura bungeni kwenyewe ni kazi ya miguu. Spika akishauliza na kelele za ndiyo na siyo zikapishana, hawezi kusema tu kwamba anadhani waliosema ndiyo wameshinda. Mtu akipinga, Bunge hugawanyika. Kengele hulia katika jengo zima, hata kwenye baa na migahawa ya jirani, na wabunge wana dakika nane za kukimbia kabla milango haijafungwa. Wa ndiyo hupita katika ushoroba wa kuume kwa Spika, wa siyo ushoroba wa kushoto, wakigusisha kadi na kuhesabiwa mmoja mmoja. Mgonjwa anaweza kuhesabiwa na wanadhimu akiwa ndani ya gari la wagonjwa, lakini lazima gari hilo liwe ndani ya viwanja vya Bunge.

Sharti hilo la viwanja liliwahi kubadilisha historia. Usiku wa tarehe 28 Machi 1979, serikali ya James Callaghan wa Labour ilikabiliwa na kura ya kutokuwa na imani. Wanadhimu walikuwa wamehesabu na kuhesabu tena, wakimtafuta kila mtu. Mbunge wao mmoja, Alfred Broughton, alikuwa mahututi nyumbani Yorkshire, na madaktari walionya kwamba anaweza kufia njiani akisafirishwa hadi London. Wakaamua asiletwe. Mbunge mmoja wa Ireland Kaskazini, Frank Maguire, ambaye kwa kawaida aliitegemeza serikali, alisafiri mwendo wote ule na kusema amekuja kujizuia kupiga kura yeye mwenyewe ana kwa ana. Hesabu ilipotangazwa ilikuwa 311 kwa 310. Serikali ilianguka kwa kura moja, Broughton akafariki siku chache baadaye, na mwezi Mei Thatcher akaingia Downing Street. Jirani yangu, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja na anayeniita "kijana wangu" kwa Kiswahili cha Busoga, anasema usiku ule alikuwa zamu katika kiwanda cha soksi hapa Leicester, redio ikiwa juu ya mashine, na kwamba msimamizi wao alizima mashine zote ili wasikie namba. Kisa hicho nimekisikia kwake mara nne na kila mara mashine zinaongezeka.

Usidhani kwamba kushindwa kura ni lazima kuangushe serikali. Tarehe 15 Januari 2019 Theresa May alishindwa kwa kura 432 dhidi ya 202 juu ya mkataba wake wa kujitoa Ulaya, kipigo kikubwa kuliko vyote vya zama hizi, na wabunge 118 wa chama chake walikuwamo katika kumpiga. Kesho yake upinzani ukaleta kura ya kutokuwa na imani, na wale wale 118 wakarudi zizini, akashinda kwa 325 kwa 306. Walichukia mkataba wake, lakini walichukia zaidi wazo la uchaguzi mkuu na Corbyn. Mbunge wa chama tawala anaweza kumpinga mkubwa wake hadi kikomo fulani, na kikomo hicho ni pale anapoanza kuhatarisha kiti chake mwenyewe.

Niliwahi kuuona ukumbi huo kwa macho yangu, Jumatano moja, saa ya maswali kwa waziri mkuu, kwa tiketi niliyoiomba kupitia ofisi ya mbunge. Wageni hukaa juu, nyuma ya kioo kinene. Jambo la kwanza lililonishtua ni udogo wake. Nilitazamia kitu kama Dodoma, kila mheshimiwa na kiti na meza na kipaza sauti chake. Hapa pana mabenchi marefu ya ngozi ya kijani yanayotazamana, na nafasi ya watu 427 tu kwa wabunge 650, hata anayetaka uhakika wa kiti huhudhuria sala ya asubuhi na kuacha kadi yake kwenye benchi. Mabomu ya Wajerumani yaliuteketeza ukumbi huo Mei 1941, na ulipojengwa upya Churchill ndiye aliyeshikilia kwamba usipanuliwe wala usifanywe nusu duara. Alitaka ujae na kufurika siku za mambo makubwa, na alitaka mtu anayehama chama avuke sakafu mbele ya macho ya wote.

Mezani pamelazwa siwa, fimbo ya fedha iliyopakwa dhahabu. Kwetu pwani siwa lilikuwa baragumu la wafalme, la pembe au la shaba, na nilifurahi kwamba Bunge la Tanzania lilipohitaji jina la fimbo ile lilichukua neno hilo badala ya kuazima. Isipokuwapo siwa, Bunge halikai. Ndiyo maana mwaka 1976 Heseltine alipoinyakua kwa hasira kikao kilisimama. Upande wa kuume wa Spika walikaa mawaziri, na kila mmoja wao alikuwa ametazamana na waziri kivuli wa upande wa pili, wa fedha kwa fedha, wa afya kwa afya. Kiongozi wa upinzani hulipwa mshahara na serikali kwa kazi ya kupinga tangu mwaka 1937, na ana haki ya maswali sita. Hapigiwi mtu makofi. Wanaguna, wanacheka, wanapunga karatasi, lakini mbunge akimwita mwenzake mwongo anatolewa nje, na siku niliyokuwapo nilisikia watu wakiitana waongo kwa njia saba tofauti bila kulitaja neno lenyewe. Spika, ambaye hujivua chama siku anapochaguliwa, aliinuka mara tatu kuwanyamazisha. Yule mwenzangu wa Bukavu aliponiuliza jioni nimejifunza nini, nilimwambia nilijisikia kama niko Simba na Yanga.

Kuna na lile Bunge la pili, la Mamwinyi, lenye viti vyekundu. Wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi: wengi huteuliwa kwa maisha, maaskofu 26 wa Kanisa la Anglikana wamo kwa vyeo vyao, na sheria ya 1999 iliwaondoa wengi wa waliorithi viti kutoka kwa baba zao, ikabakiza 92 kwa wakati huo. Wanaweza kuuchelewesha muswada kwa mwaka mmoja hivi na kuurekebisha, mara nyingi kwa busara, lakini tangu sheria za 1911 na 1949 hawawezi kuukataa moja kwa moja kama Makabwela wameshikilia. Siwapendi wala siwachukii. Jambo moja tu hunichekesha, kwamba kati ya mabunge hayo mawili ni Makabwela wanaolipwa mshahara, na Mamwinyi wengi huchukua posho ya kikao.

Wiki moja baada ya uchaguzi baba mdogo alipiga tena. Alikuwa ameyasikia matokeo yote redioni na alikuwa na hesabu yake tayari.

"Kwa hiyo nyinyi mna mbunge wa upinzani sasa."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulimpa nani?"

"Kura ni siri, baba."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akataka kujua lini tutapiga tena, ili ajiandalie bando. Nikamwambia ni lazima kufikia Agosti 2029, ila tarehe yenyewe huchaguliwa na waziri mkuu akiona upepo unavuma upande wake, kama wenzake wa chamani hawajamtoa kwanza.

"Basi," akasema, "utanipigia wewe."